Rampu tuliyoijenga mara mbili

Kaka yangu ni fundi seremala, miaka mingi sasa, makabati, vitanda, paa za nyumba za watu, mbao anaielewa akiigusa tu. Mimi kwenye mbao nilikuwa sijui chochote lakini skeitibodi naipanda tangu niko shule, miguu yangu inajua mpindo mzuri na mpindo mbaya hata nikiwa nimefumba macho. Sasa mtoto wake wa miaka 11 alipoanza kunisumbua kila siku, shangazi tutengenezee rampu, shangazi lini, tukaona sisi wawili tukiungana, mmoja anajua mbao mwingine anajua bodi, hii kazi itakuwa nyepesi. Tukaijenga. Siku ya nne tukaibomoa. Alafu tukaijenga tena na hiyo ya pili ndo ipo mpaka leo, na kwa kweli nilichojifunza kwenye kuibomoa ni kingi kuliko nilichojifunza kwenye miaka yote ya kupanda rampu za watu wengine.

Kosa lilianzia kwenye urefu, yaani urefu wa kwenda juu. Dogo alikuwa anaangalia video za wale wakubwa wanaoruka kwenye vert, zile rampu zenye ukuta uliosimama wima kabisa juu, akataka na yake iwe ndefu. Kaka naye akaangalia plaiwudi, bodi nzima ina sm 244 kwa 122, akasema tukikata pande za rampu urefu wa sm 120 hatupotezi kitu, tunatumia upana wote wa bodi. Mimi nikakubali. Kwa seremala hiyo ni akili nzuri maana mbao ni pesa na kutupa vipande kunauma, ila rampu haianzi na urefu, rampu inaanza na duara, na hilo nilitakiwa nilisimamie mimi kwa sababu ndo upande wangu.

Ngoja nieleze kuhusu duara maana hapa ndo kila kitu kinatokea. Ule mpindo wa rampu ni kipande cha duara, yaani unachukua duara kubwa unakata kipande chake cha chini kinachoanza sakafuni kikipanda. Ukubwa wa hilo duara unapimwa kwa nusu kipenyo, kutoka katikati ya duara mpaka ukingoni. Duara likiwa kubwa mpindo unakuwa mpole, unapanda taratibu, likiwa dogo mpindo unakuwa mkali na ukifika juu unakuta ukuta. Kama nusu kipenyo ni sawa na urefu wa rampu basi juu kabisa inasimama wima, nyuzi 90. Sisi tulichora urefu sm 120 na nusu kipenyo sm 150 kwa sababu ndo ilitosha kwenye bodi na kubaki nafasi ya jukwaa la kusimamia, na hatukupiga hesabu ya mteremko wa juu. Nilipokuja kuipiga baadaye nikakuta ni nyuzi 78 na nusu. Hiyo kwa mtoto anayejifunza ni ukuta, hakuna jina lingine.

Na tulichora kwa kamba. Msumari katikati, kamba, penseli mwishoni, tunazunguka. Kamba inavutika jamani, ukikaza kidogo nusu kipenyo inaongezeka, ukilegeza inapungua, na mstari wetu ulikuwa na mawimbi ambayo kwa macho huyaoni ila tairi ya skeitibodi inayaona yote.

Alafu ikaja kazi ya kufunika. Kaka alikuwa na plaiwudi ya mm 18, ngumu, nzuri, akasema hii ndo itakaa. Tukaanza kuifunga kutoka juu tukawa tunaikalia wote wawili ili ipinde na dogo anashika bisbisi, tukafika katikati ikalia paaa, ikapasuka kwa upana wote. Plaiwudi ya mm 18 haipindi kwenye duara la namna hiyo, hata uilowanishe. Tukabadilisha tukaweka ya mm 9, ikapinda bila matatizo, tukafurahi, tukaweka tabaka moja tu tukasema inatosha.

Siku ya majaribio nikapanda mimi kwanza. Nikatoka chini nikapanda nikashuka, na nilipofika kwenye mpindo magoti yakabonyea ghafla kama kuna mtu amenirukia mabegani, alafu ubao ukawa unabonyea chini ya matairi unarudi, tup tup tup, kila unapovuka mbao ya ndani, zile zinazounganisha pande na kubeba plaiwudi. Nilijua palepale. Ila dogo alikuwa amevaa helmeti tayari na vikinga goti, macho yanawaka, na mimi sikuwa na moyo wa kumwambia hapana. Akapanda kidogo tu, sm 50 hivi, bodi ikamponyoka akadondokea mkono. Haukuvunjika, ulivimba kiganja kwa wiki moja, lakini ile sura aliyoiweka wakati anajizuia kulia mbele yangu sijaisahau, na kosa lilikuwa langu kwa sababu mimi ndo nilihisi rampu ni mbaya na nikanyamaza. Kama umepanda wewe mkubwa ukahisi kitu hakipo sawa, mtoto asipande. Hiyo kwangu sasa ni sheria.

Usiku nikakaa na karatasi. Ukishuka kutoka juu ya rampu ya sm 120, ukiacha msuguano, ukifika chini una spidi kama kilomita 17 na nusu kwa saa. Kutoka sm 90 unapata kama 15. Tofauti ya spidi si kubwa sana. Ila kinachokukandamiza kwenye mpindo si spidi peke yake, ni spidi pamoja na ukubwa wa duara. Kwenye rampu yetu ya kwanza, chini ya mpindo mwili ulikuwa unahisi uzito mara 2.6 ya uzito wake wa kawaida. Nikajaribu urefu sm 90 na nusu kipenyo sm 200, ikaja mara 1.9, na juu mteremko unakuwa nyuzi 56 na kitu badala ya 78. Yaani kupunguza urefu kidogo na kuongeza duara kunabadilisha kabisa kitu ambacho goti la mtoto linabeba. Hata zile vert alizokuwa anaziangalia dogo, watu wanasahau kwamba zinasimama zaidi ya mita 3 kwenda juu na duara lake ni kubwa sana, ule ukuta wa wima unakuja mwishoni baada ya mpindo mrefu na mpole. Sisi tulichukua ukuta wa wakubwa tukaupachika kwenye duara dogo.

Na hii ya duara wala haikuanza na mafundi. Miaka ya 1976 na 1977 California ilikuwa na ukame mkali, mabwawa ya kuogelea ya nyumbani yakakaushwa, vijana wengi wakawa wanaingia mle ndani na skeitibodi zao kwa sababu kuta za mabwawa yale zimepinda kutoka sakafuni kwenda juu. Mpindo wa rampu tunazojenga leo kwa mbao, na lile bomba la chuma linalowekwa ukingoni juu, vinafuata ule wa bwawa na ukingo wake. Nilimwelezea dogo hii akiwa na barafu mkononi, akaniuliza kwa hiyo sisi tunajenga bwawa? Nikamwambia ndio, kipande chake.

Asubuhi nikamwambia kaka kwamba tubomoe. Nilitegemea atakasirika maana alikuwa ametumia siku tatu na mbao zake. Akakaa kimya, akaizunguka ile rampu mara mbili, akasema mdogo wangu, kwenye mbao kupunguza si shida, shida ni kuongeza. Akanieleza kwamba mpindo wa duara kubwa siku zote unapita chini ya mpindo wa duara dogo kama vyote vinaanzia sehemu moja, kwa hiyo mpindo mpya ungeweza kukatwa ndani ya zile pande za zamani bila kununua nyingine. Tukapima, kweli. Mpindo mpya unachukua sm 167 kwenda nyuma, pande zetu zilikuwa na sm 207, ikabaki sm 40 ya jukwaa na hiyo haitoshi kusimama vizuri na bodi, ila akasema hizo sm 20 zingine nitaziongeza na fremu kwa nyuma. Siku hiyo nilimheshimu kaka yangu kwa namna mpya.

Safari hii hatukutumia kamba. Tulichukua mbao nyembamba iliyonyooka ndefu kuliko mita 2, msumari mwisho mmoja, tukapima sm 200 kamili tukatoboa tundu la penseli. Na hapa kuna kitu ambacho mara ya kwanza tulikosea bila kujua. Ule msumari wa katikati lazima ukae juu ya ncha ya chini ya rampu moja kwa moja, kwenye mstari uliosimama nyuzi 90 kutoka sakafuni, sm 200 juu. Ukiusogeza hata kidogo mbele au nyuma, mpindo hauanzi kwa kulala sambamba na ardhi, unaanza na kona, na hiyo kona ndo inayomrusha mtu kabla hata hajapanda. Tukaweka ule upande kwenye sakafu ya saruji, tukatumia skwea kubwa ya kaka kupata ile nyuzi 90, tukazungusha mara moja tu, mstari ukatoka safi. Upande wa kwanza ukawa kipimo cha zingine, ukikata wa pili na wa tatu chora kwa kufuata wa kwanza, usianze kupima upya, alafu zibane zote tatu pamoja uzipige msasa kwa wakati mmoja mpaka ukipitisha mkono usihisi ngazi.

Nimesema tatu kwa sababu rampu yetu ina upana wa sm 244, urefu wa bodi nzima, na upana huo ukiweka pande mbili tu mbao za ndani zinakuwa ndefu mno zinacheza. Kwa hiyo tuna upande wa kati, na mbao za ndani zinakuwa na sm 119 na kidogo kila moja. Tuliweka za inchi mbili kwa nne, zimesimama kwa ubavu si kulala. Kaka kwa mazoea yake ya sakafu na paa alikuwa ameziweka kila sm 40, na ndo ile tup tup niliyoisikia. Sakafu mtu anakanyaga kwa mguu mzima, skeitibodi uzito wote wa mtu unaingia kwenye matairi manne madogo ya mm 52. Tukaweka kila sm 20. Alilalamika kuhusu mbao, nikamwambia kaka, panda juu ya hii simama, alafu panda kwenye ile, akasimama akaruka kidogo, hakulalamika tena.

Juu tukaweka tabaka mbili za mm 9. Mpindo wenyewe ukiufuata una sm 198, kwa hiyo bodi moja nzima ilale kwa mapana, hiyo ni sm 122, na kipande cha sm 76. Bodi ikilala hivyo nyuzi za mbao za juu zinaenda kulia na kushoto na inapinda kirahisi zaidi kuliko ukiisimamisha. Tabaka la pili ugeuze, kipande kidogo kiwe chini na kikubwa juu, ili viungo visikutane sehemu moja. Na kila kiungo kikae katikati ya mbao, ikiwezekana uongeze mbao ya pili hapo ubavuni ili kila bodi ipate sehemu yake ya kufungwa. Skrubu, si misumari. Mtikisiko wa matairi unautoa msumari kidogo kidogo mpaka kichwa kinachungulia, na msumari uliochungulia unachana nguo na ngozi ya mtu anayeteleza. Skrubu nazo ziingie mpaka kichwa kizame chini ya uso wa mbao, toboa kwanza ndo ufunge, na tukahesabu moja moja kwa kupitisha kiganja, dogo ndo alipewa kazi hiyo akazifanya zote kwa umakini ambao sijawahi kuuona kwake kwenye homuweki.

Bomba la juu lilitusumbua siku nzima. Ukingo wa juu wa rampu unawekwa bomba la chuma, letu lina unene wa sm 6, ndo unasugulia traki, vile vyuma vya chini ya bodi vinavyoshika matairi, na ndo unajua kwa mguu kwamba umefika juu. Usiweke la plastiki, linapasuka. Linatakiwa lichomoze kidogo tu, mm 6 hivi kwa juu na kwa mbele, likichomoza sana matairi yananasa wakati wa kushuka na unaenda na uso, lisipochomoza halina kazi. Kaka akakata nafasi ya sm 5.4 kwenye pande, bomba likalala likachomoza mm 6 vizuri kabisa, tukapeana mikono. Alafu tukafunga plaiwudi. Tabaka mbili za mm 9 ni mm 18, bomba likazama, likawa chini ya ubao kwa mm 12. Tulisahau kwamba uso wa rampu utapanda. Nafasi ilitakiwa iwe sm 3.6. Nilikaa chini nimechoka kabisa, nikaona tunafungua kila kitu, ila kaka akaenda kwenye mabaki akaleta vipande vya ile plaiwudi ya mm 18 iliyopasuka siku ya kwanza, akavikata vidogo akavitia chini na nyuma ya bomba, na 5.4 ukitoa 1.8 ni 3.6. Ikakaa pale pale. Bomba linafungwa kwa kutoboa tundu kubwa upande wa mbele ili bisbisi ipite na tundu dogo upande wa nyuma, skrubu inaingia ndani ya bomba inakamata mbao, huoni kichwa.

Chini nako kuna ngazi ya mm 18 pale plaiwudi inapogusa sakafu, na tairi la mm 52 likikutana na ngazi ya mm 18 linasimama, wewe unaendelea. Tulienda kwa fundi wa kuchomelea akatukatia bamba la chuma la mm 3, upana wa sm 30, akalinoa ukingo wa chini mpaka ukawa mwembamba, tukalifunga kwa skrubu upande wa rampu tu, upande wa sakafu umelala wenyewe. Lile bamba ni kitu kidogo lakini ndo kinaamua kama mtu ataingia kwenye rampu kwa amani.

Maji ndo adui wa baadae. Plaiwudi inanyonya maji kwa kingo zaidi kuliko kwa uso, pale unapoona tabaka tabaka. Kwa hiyo kabla ya kufunga paka rangi kingo zote na mgongo wote, hata sehemu ambazo hakuna atakayeziona, sisi tulipaka rangi ya mafuta mara mbili, na rampu nzima tukainyanyua kwenye vipande vya mbao iliyotiwa dawa isiguse ardhi. Wenye uwezo wanaweka Skatelite juu, ni karatasi zilizoshindiliwa na gundi ngumu, mvua haiingii. Sisi tuna rangi na turubai. Na turubai usilibane mpaka chini, tulilibana mwezi wa kwanza tukakuta ndani kuna jasho na ukungu, sasa tunaacha pembeni wazi upepo upite.

Kelele pia. Rampu ni ngoma, iko wazi ndani na unaipiga. Tulijaza mazulia ya zamani chini yake ikapungua sana, na tukaongea na majirani kabla, si baada, tukakubaliana saa.

Mkono wa dogo ulipopona sikumruhusu kwenda juu. Wiki mbili alikuwa anatoka chini anapanda anarudi, anapanda anarudi, nikimfundisha kukunja magoti kabla ya mpindo na kuyanyoosha ukiwa ndani ya mpindo, hiyo inakuongezea spidi bila kukanyaga chini. Nikamfundisha na kuanguka, unapiga magoti kwenye vile vikinga unateleza mpaka chini, hutangulizi mikono. Alianguka hivyo mara nyingi kwa makusudi mpaka akaona ni mchezo. Ndipo siku moja akapanda jukwaani mwenyewe, akaweka mkia wa bodi kwenye bomba, akaukanyaga kwa mguu wa nyuma, mbele ya bodi ipo hewani. Kila mtu hapo mwili unamwambia aegemee nyuma, na ukiegemea nyuma bodi inakutangulia. Unatakiwa uutupe uzito wote mbele, uukanyage mguu wa mbele mpaka matairi yapige ubao. Akaniangalia, shangazi nikanyage? Nikamwambia kanyaga kwa nguvu usikatize katikati. Akakanyaga. Matairi ya mbele yakapiga, akapita mbele yangu amekunja magoti vizuri, akavuka bamba bila hata kutikisika, akaenda mpaka ukutani akagusa, na kaka yangu ambaye hajawahi kupanda skeitibodi maisha yake alikuwa amekaa chini ameshika kichwa kwa mikono miwili analia.

Sasa wanataka upande wa pili, zitazamane. Jumamosi kaka amevuta kamba sakafuni, nafasi ya katikati tumeacha sm 244, bodi moja nzima, ili mtu apate muda wa kujipanga kabla ya mpindo mwingine. Mbao nyembamba ya mita 2 na tundu lake la penseli bado tunayo, imeegemea ukutani, dogo ameandika jina lake juu yake kwa kalamu nyekundu na hataki mtu mwingine aishike.